Mkojo mwekundu wamfilisi mnunuzi wa ng'ombe mgeni

MFUGAJI anapoamka asubuhi na kukuta ng'ombe wake amekojoa mkojo wenye rangi ya kahawa iliyokolea, mara nyingi hudhani mnyama amepigwa, ameumia figo au ametupiwa jambo na mtu mwenye kijicho. Hukimbilia duka la dawa za mifugo, huomba "dawa ya damu", hupewa kilichopo kwenye rafu na kurudi nacho nyumbani. Ikifika siku ya tatu, anayeitwa si daktari wa mifugo tena bali mwenye bucha.

Kwa kaya zilizo pembezoni mwa mji wa Mpanda, kama zile za kata ya Shanwe, hasara ya namna hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Mji unahitaji maziwa, na mtu mwenye eka mbili tatu za mahindi na uani penye nafasi ya banda huona njia rahisi ya kupata fedha za kila siku: kununua ng'ombe mmoja au wawili chotara wa maziwa. Ng'ombe hao hutoka mbali, kwenye mikoa ya nyanda za juu au kwenye mashamba yanayoogesha kila wiki. Fedha za kununulia ni za mavuno ya misimu miwili, au ni mkopo wa kikundi. Halafu, wiki ya tatu au ya nne tangu ashushwe kwenye lori, ng'ombe huyo anaacha kula, anapumua kwa haraka, na mkojo wake unageuka rangi.

Jirani yake mwenye ng'ombe wa asili 60 wanaochungwa porini, ambao hawajawahi kuona josho mwaka huu, hajapoteza hata mmoja kwa ugonjwa huo. Hapo ndipo maneno ya uchawi yanapoanza. Lakini jambo hili lina maelezo, na anayeyaelewa anaweza kuokoa fedha nyingi kabla hajamwona hata huyo ng'ombe anayetaka kumnunua.

Damu inavyovunjika

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo mno zinazoogelea ndani yake, ambazo zimejaa himoglobini, yaani kile kitu chenye madini ya chuma kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Chembe hizo haziishi milele. Kwa binadamu huishi takribani siku 120, na kwa ng'ombe huishi muda mrefu kidogo zaidi, karibu miezi mitano. Zikizeeka, bandama na ini huzivunja taratibu, chuma hutumika upya na mabaki hutoka na nyongo. Uboho wa mifupa nao hutengeneza chembe mpya. Ni kama duka ambalo bidhaa zinatoka na nyingine zinaingia: mradi mahesabu yanalingana, hakuna anayeona tofauti.

Ugonjwa huanza pale chembe zinapovunjwa kwa kasi kuliko zinavyotengenezwa. Na hapa kuna jambo ambalo wauza dawa wengi hawamwelezi mteja: chembe zinaweza kuvunjwa mahali pa aina mbili. Zikipasukia ndani ya mishipa yenyewe, himoglobini humwagika kwenye majimaji ya damu, hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Hapo ndipo mkojo huwa mwekundu, kisha rangi ya kahawa, na mara nyingi hutoa povu ukianguka chini. Lakini zikivunjwa kwenye bandama na ini, himoglobini haimwagiki. Mkojo unabaki na rangi yake au unakuwa wa manjano iliyokolea, huku ufizi ukipauka na baadaye weupe wa macho kuwa manjano.

Tofauti hiyo ya rangi ya mkojo ni taarifa ya bure. Mfugaji anaipata bila kulipa, na mara nyingi anaipoteza kwa kutoitazama.

Wauaji watatu, chupa tatu

Katika ukanda wa Katavi kuna magonjwa matatu makubwa yanayovunja chembe nyekundu za damu ya ng'ombe.

La kwanza ndilo lenyewe la mkojo mwekundu. Kimelea chake huitwa Babesia, kwa kumbukumbu ya Victor Babeș, mwanasayansi wa Romania aliyekiona katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Kinaenezwa na kupe wa bluu, yule mdogo anayejificha tumboni, kwenye kiwele, shingoni na ubavuni. Kimelea huingia ndani ya chembe, hujigawa viwili, kisha huipasua na kuvamia nyingine. Ng'ombe hupata homa ya nyuzi 40 hadi 41 na zaidi, hali ya kawaida ikiwa ni 38 hadi 39 na kidogo. Mwenye mimba huweza kuitupa. Asipotibiwa mapema, ng'ombe mzima wa kigeni hufa ndani ya siku chache.

La pili ni ndigana baridi. Kijidudu chake nacho hukaa kwenye chembe nyekundu, lakini hakizipasui mshipani; bandama ndiyo inayozikamata na kuzivunja. Kwa hiyo mkojo hauwi mwekundu. Ng'ombe hukonda haraka, huwa wa manjano, choo huwa kikavu na kigumu, na akifukuzwa umbali mfupi huanguka au hugeuka mkali kwa sababu ubongo haupati hewa ya kutosha. Ugonjwa huu hauenezwi na kupe peke yao. Inzi wanaouma wanaweza kuubeba, na hata sindano moja inayotumika kwa kundi zima bila kuchemshwa. Mfugaji anayechanja ng'ombe 40 kwa sindano moja anaweza kuwa anagawa ndigana baridi pamoja na chanjo.

La tatu ni nagana, ambayo wafugaji wengi huiita ndorobo, inayoletwa na mbung'o. Katavi ni nchi ya miombo, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilometa za mraba zaidi ya 4,000 iko kusini mwa mji. Mbung'o hapa si habari mpya. Nagana haina haraka. Ng'ombe anapungua damu wiki baada ya wiki, manyoya yanasimama, maziwa yanakatika, na mwenyewe anadhani ni ukame au minyoo.

Sasa tazama maduka yanavyouza. Dawa ya unga ya kukoroga yenye diminazini, ambayo wengi huiita Berenil hata kama pakiti ina jina jingine, hutibu nagana na hutibu mkojo mwekundu. Haitibu ndigana baridi. Oksitetrasaiklini, ile ya "OTC", hutibu ndigana baridi lakini si ya kutegemewa kwa mkojo mwekundu. Imidokabu, inayojulikana zaidi kwa jina la Imizol, hutibu mkojo mwekundu na pia ndigana baridi, ila kwa vipimo tofauti: kwa ndigana baridi hutumika kipimo kikubwa zaidi ya mara mbili ya kile cha mkojo mwekundu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotegemewa kwa ndigana kali, ambayo hushambulia tezi na mapafu na ina dawa zake nyingine.

Kwa kuwa Berenil inaponya magonjwa mawili kati ya hayo, sifa yake imekuwa kubwa kuliko uwezo wake. Ng'ombe watatu wakidungwa na wawili wakapona, mfugaji anaamini dawa inatibu kila kitu na kwamba yule wa tatu alikuwa na siku zake. Imani hii si ya kijinga. Imejengwa na mambo aliyoyaona kwa macho yake, na ndiyo maana ni vigumu kuiondoa kwa semina ya siku moja.

Hata wakubwa walichanganya. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 na alichunguza damu ya ng'ombe waliokuwa wakifa. Aliona vimelea vikubwa vya mkojo mwekundu na vingine vidogo zaidi, akadhani vile vidogo ni watoto wa vile vikubwa. Kumbe vidogo vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa, ndigana kali. Kosa hilo lilikuja kujulikana baada ya mwaka 1902, ndigana kali ilipoingia Rhodesia ya Kusini na Afrika Kusini na kuua ng'ombe wengi mno, na Arnold Theiler akaonyesha kwamba ni magonjwa mawili. Koch alikuwa na darubini bora ya wakati wake. Mfugaji wa Shanwe hana, lakini anaweza kutumia ya mwenzake: tone la damu kutoka ncha ya sikio, likipakwa kwenye kioo na kukaushwa kabla mnyama hajadungwa dawa yoyote, linaweza kusomwa na maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una vituo Tabora na Sumbawanga. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa namna ya kufikisha kioo hicho.

Kama maabara iko mbali na mnyama amelala, ipo njia ya chupa. Kinga mkojo kwenye chupa nyeupe ya maji, funika, iache kivulini kwa saa moja au mbili bila kuitikisa. Damu ikishuka chini na juu pakabaki peupe, chembe bado ni nzima: hiyo ni damu inayotoka kwenye jeraha, labda kibofu, mawe au matatizo baada ya kuzaa. Rangi ikibaki ileile kuanzia juu hadi chini, chembe zimeshapasuka. Njia hii haimtaji mwuaji kwa jina, lakini inapunguza orodha.

Angalizo moja lisilohitaji mjadala: ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au nyuma, asipasuliwe wala kuchunwa. Huyo si wa mkojo mwekundu. Anashukiwa kimeta, na kimeta huua watu.

Kwa nini mgeni hufa

Swali la jirani mwenye ng'ombe 60 linabaki. Ng'ombe wake wamejaa kupe na hawafi. Kwa nini?

Ndama wa chini ya miezi tisa hivi ana kinga ya ajabu dhidi ya mkojo mwekundu, sehemu ikitokana na maziwa ya kwanza ya mama yake na sehemu ikitokana na umri wake tu. Akiumwa na kupe mwenye vimelea katika kipindi hicho, hupata homa ndogo ambayo mara nyingi hakuna anayeitambua, kisha hubaki na vimelea vichache mwilini vinavyoiamsha kinga yake kila mara. Anakua nayo. Akiwa mkubwa anaweza kubeba kupe bila kuugua. Ng'ombe wa asili, kwa damu yake, naye ni mvumilivu kuliko wa kizungu.

Chotara aliyelelewa kwenye shamba safi hakuwahi kupita darasa hilo. Anafika Shanwe akiwa mtamba wa miaka miwili na nusu, mwenye afya nzuri, manyoya yanang'aa, na damu ambayo haijawahi kukutana na Babesia. Kupe wa kwanza anayembandika anakutana na nyumba isiyo na mlango. Kinachomfanya awe wa bei ghali ndicho kinachomfanya awe rahisi kufa, na mnunuzi hulipia vyote viwili bila kujua.

Mambo yanaweza pia kwenda kinyume. Katika karne ya 19 wafugaji wa Texas, Marekani, waliswaga makundi yao kwenda kaskazini kuyauza. Ng'ombe wa Texas walionekana wazima kabisa, lakini kila walikopita, ng'ombe wenyeji walikojoa damu na kufa. Majimbo ya kaskazini yakawapiga marufuku, na kuna mahali wenye mifugo walisimama na bunduki barabarani. Mwaka 1893 Theobald Smith na Fred Kilborne walitangaza kwamba mbebaji ni kupe, na hiyo ikawa mara ya kwanza kuthibitishwa kuwa mdudu anaweza kupitisha kimelea cha ugonjwa kati ya wanyama. Marekani ilianza kampeni ya kumtokomeza kupe huyo mwaka 1906 na ikachukua hadi 1943.

Kwa hiyo mwenye ng'ombe wa maziwa bandani anapaswa kumwogopa pia yule dume wa mnadani anayemnunua kwa ajili ya kunenepesha na kumfunga karibu na banda hilohilo. Dume ni mzima. Kupe walio tumboni mwake si wema, na jike la kupe wa bluu hurithisha vimelea kwenye mayai yake, maelfu kwa mkupuo mmoja. Tangu lami ya kutoka Tabora ifike Mpanda, lori la mifugo linasafiri haraka kuliko zamani, na kupe hulipiwa nauli na mwenye ng'ombe.

Nusu kinga

Kuna wanaosoma maelezo haya na kusema: basi tusiogeshe kabisa, ndama wazoee. Kwa mwenye kundi kubwa la asili linalozaliwa na kukulia hapohapo, hoja hiyo ina uzito kuliko maofisa wengi wanavyotaka kukubali, japo inasahau kwamba ndigana kali ina mahesabu yake na huua ndama wengi. Kwa mwenye chotara wawili, hoja hiyo ni kujifilisi.

Hali mbaya zaidi ni ile ya katikati: kuogesha kwa bidii miaka miwili mitatu, kisha kuacha. Katika miaka ile ndama hukua bila kukutana na vimelea. Dawa ikikatika, kupe hurudi wakikuta kundi zima la wakubwa wasio na kinga. Mfano unaokumbukwa zaidi Afrika ni wa Zimbabwe ilipokuwa ikiitwa Rhodesia. Kwa miongo mingi kuogesha kulikuwa kwa lazima. Vita vya ukombozi vilipopamba moto miaka ya 1970, majosho ya maeneo ya vijijini yaliacha kufanya kazi, na inakadiriwa ng'ombe wapatao milioni 1 walikufa kwa magonjwa ya kupe ndani ya miaka michache.

Tanzania nayo ilijenga majosho kwa wingi miaka ya 1970, dawa ikiwa ya serikali. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalihamishia gharama kwa mfugaji na majosho mengi yakakauka, mengine yakawa maghala ya mbuzi kulala. Desemba 2018 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya kuogesha mifugo yenye dawa za ruzuku. Ni jambo jema. Lakini mfugaji anayepanga fedha zake asipange kwa kutegemea kwamba ruzuku itakuwepo kila mwaka na kila mwezi. Apange kana kwamba dawa atainunua mwenyewe, na ruzuku ikija aihesabu kama nyongeza.

Aidha, kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 imewachanganya wengine. Chanjo ile ni ya homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku. Ng'ombe mwenye hereni ya chanjo sikioni hajakingwa na mkojo mwekundu. Chanjo ya ndigana kali, ambayo imetumika sana kaskazini mwa nchi, nayo ni ya ndigana kali tu. Chanjo ya Babesia ipo duniani na hutumika Australia, Israel na Afrika Kusini, lakini imetengenezwa kwa vimelea hai na inahitaji ubaridi mkali njia nzima.

Mahesabu ya banda moja

Tuchukue mfano wa kukadiria. Kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme mtamba chotara mwenye mimba amenunuliwa kwa Sh 2,000,000. Dawa ya kunyunyizia pamoja na nguvu kazi ni Sh 1,000 kwa wiki, yaani Sh 52,000 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya asilimia 3 ya bei ya ng'ombe.

Maana yake ni hii: kama katika ng'ombe 38 wa aina hiyo wasionyunyiziwa atakufa mmoja tu kwa mwaka, hasara yake italingana na gharama ya kuwanyunyizia wote 38. Wakifa wawili, asiyenyunyizia ameshapoteza. Na hapo hatujahesabu maziwa wala ndama aliyetupwa.

Akiugua na kuwahiwa siku ya kwanza ya homa, tuseme daktari na dawa ni Sh 40,000. Tuseme pia alikuwa akitoa lita 8 kwa siku zinazouzwa Sh 1,500 kila moja. Maziwa yasiyouzwa kwa siku 10 ni Sh 120,000. Jumla Sh 160,000. Inauma, lakini banda linaendelea. Akichelewa hadi mkojo uwe mweusi na mnyama alale, dawa huweza kuua vimelea vyote na ng'ombe bado akafa, kwa sababu damu aliyokwisha kuipoteza haiwezi kurudishwa na sindano. Siku mbili za kusubiri ndizo zinazotenganisha hasara ya Sh 160,000 na ya Sh 2,000,000.

Ndiyo sababu kipimajoto ni kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya ndoo ya maziwa inayong'aa. Homa hutangulia rangi ya mkojo. Mwenye kumpima ng'ombe mgeni kila asubuhi anapata siku moja ya ziada, wakati mwingine mbili.

Kunyunyizia nako kuna utaratibu. Kupe wa bluu hukaa juu ya mnyama mmoja tangu akiwa mchanga hadi anaposhiba na kuanguka, takribani wiki tatu. Kupe wa masikio wa kahawia, anayeleta ndigana kali, hupanda na kushuka mara tatu katika maisha yake, kwa hiyo huhitaji dawa kila wiki. Anayenyunyizia mara moja kwa mwezi hajamzuia hata mmoja kati yao ipasavyo. Dawa ifike chini ya mkia, kwenye mapaja, kiwele, chini ya tumbo na ndani ya masikio. Wengi huloweka mgongo, mahali ambapo kupe ni wachache. Na mwenye kuongeza maji kuliko lebo inavyosema ili dawa ifike ng'ombe wote huwafundisha kupe kuizoea.

Si vimelea peke yao

Chembe nyekundu zinaweza kupasuka hata pasipo kupe, na visababishi vingine viko mikononi mwa mfugaji na mfanyabiashara mwenyewe.

Vitunguu maji vilivyooza sokoni huonekana kama chakula cha bure cha ng'ombe. Ndani yake mna kemikali inayoharibu himoglobini na kuzidhoofisha chembe hadi zinapasuka. Ng'ombe ndiye anayedhurika zaidi. Mbuzi na kondoo huvumilia kidogo. Dalili huja baada ya siku kadhaa, mkojo unakuwa mwekundu vilevile, na mfugaji anadunga dawa ya kupe bila mafanikio. Atajuaje? Pumzi na maziwa ya mnyama hunuka vitunguu. Tiba ya kwanza ni kuacha kumpa.

Ndama aliyekaa na kiu kutwa nzima ya jua la Septemba, kisha akaachiwa ndoo ya maji anywe atakavyo, huweza kukojoa mkojo mwekundu saa chache baadaye. Maji mengi yakiingia kwenye damu kwa mkupuo, chembe huvimba na kupasuka. Anyweshwe kidogo kidogo.

Kondoo wana tatizo la madini ya shaba. Ini lao huyalimbikiza kimyakimya kwa miezi. Chakula cha kuchanganya au jiwe la madini lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe au nguruwe, akipewa kondoo kwa muda mrefu, shaba hiyo siku moja humwagika kwenye damu yote kwa pamoja na kondoo hufa na mkojo mweusi. Wauza chakula cha mifugo waulize kwanza: ni cha mnyama gani?

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa ana maswali ya kuuliza ambayo hayana uhusiano na ukubwa wa kiwele. Amezaliwa wapi? Amekulia kwenye kupe au kwenye josho la kila wiki? Aliwahi kuugua nini? Mtamba aliyezaliwa na kukulia Katavi au Tabora, hata kama atatoa lita mbili pungufu, anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mwenzake wa nyanda za juu, kwa sababu uwezekano wa kuwa hai mwakani ni mkubwa zaidi. Ndama wa kike wa miezi sita naye ni ununuzi wa busara kwa mwenye subira: bei yake ni ndogo na umri wake bado unamlinda, ili mradi kupe wamfikie kidogo chini ya uangalizi na kipimajoto kiwepo.

Ng'ombe mkubwa wa kutoka mbali aletwe kiangazi, kupe wanapokuwa wachache, si Januari wakati mvua imekolea na majani yamejaa kupe wachanga. Anyunyiziwe kabla hajapanda lori na tena siku anayoshuka. Afungiwe bandani, majani akatiwe mbali na njia za mifugo. Kwa siku 60 za kwanza apimwe joto kila asubuhi na ufizi wake utazamwe. Daktari wa mifugo anaweza kuamua kumpa imidokabu kama kinga ya kipindi hicho. Hiyo hufanywa kwa ushauri wake, hudungwa chini ya ngozi au kwenye nyama na kamwe si mshipani.

Lebo ya dawa hiyo isomwe hadi mwisho. Maziwa ya siku zilizotajwa hapo hayauzwi, na muda wa kusubiri kabla ya kuchinja unaweza kufikia miezi. Mwenye bucha anayeuziwa kwa bei ya kutupa ng'ombe aliyedungwa juzi, mwenye ufizi mweupe na nyama ya manjano, akumbuke kwamba mkaguzi wa nyama ana haki ya kuitupa yote, na hapo muuzaji atakuwa ameshaondoka na fedha.